Nilifuta Kuba la Nyambizi ya Mtani Wangu kwa Petroli, Nikanyamaza

Ndugu msomaji, nimemwomba mhariri asiandike jina langu, na wewe ukinitambua nakuomba unisitiri. Kosa ni langu. Si la baridi ya Njombe, kama watu walivyosema miaka yote hii, wala si la mtani wangu, kama alivyoamini mwenyewe. Ni langu mimi na kitambaa changu cha petroli!

Najua umeshaanza kucheka hapo kwenye neno nyambizi. Cheka tu. Hata mimi siku ya kwanza nilipoiona nilicheka mpaka nikakaa chini.

Miaka ile ya ruksa nilikuwa fundi wa vioo vya magari Makambako. Nilitoka Songea sina kitu, nikashuka pale njia panda, na sikupanda tena gari la kwenda kokote. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya Zambia yanapishana mchana kutwa, na kila lori lina kioo cha mbele kinachongoja jiwe lake. Maisha yalikuwa matamu jamani! Matajiri wa malori, wengi wao Waislamu waliohamia kutoka mikoa ya mbali, walikuwa radhi kunisubiri mimi hata kama fundi mwingine amekaa bure jirani yangu.

Sifa yangu ilikuwa kung'arisha. Nikishapachika kioo na mpira wake, nachukua kitambaa, nachovya kwenye petroli, nafuta alama zote za vidole na grisi. Kioo kinabaki kama hakipo. Kuna dereva alitema mate akidhani anatema nje, yakamrudia. Hadithi hiyo nilikuwa naisimulia kila siku, tena kwa watu walewale.

Sasa nikwambie kuhusu Otmari. Huyu alikuwa Mbena, mchomeleaji wa Mjimwema, Njombe mjini. Mimi ni Mngoni. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa, na mtani unamwambia lolote, hakasiriki, na akikasirika anazidi kuchekwa. Hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima hata siku moja. Akinikuta kwenye chai ananipigia kelele, "Wewe Mngoni, ng'ombe wa babu yangu mliowateka vitani mtawarudisha lini?"

Nami namjibu, "Tuliwangoja mje kuwachukua, mkakimbilia kwenye baridi, mpaka leo mnaogopa kutoka!"

Kibanda kizima kinacheka. Nilikuwa na ndugu wa tumbo moja kule Songea, lakini hakuna niliyempenda kama yule bwana.

Otmari alikuwa ameajiriwa kwenye shirika la umma. Mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani na godoro na mashine yake ya kuchomelea, ana mke, Mama Yustina, na watoto wanne. Akawa anachomelea mageti ya watu. Ila mageti Njombe siku zile yalikuwa ya kuhesabu, wengi walizungushia miti tu.

Nje ya mji kulikuwa na misheni yenye bwawa lake la umeme. Chini kabisa ya bwawa kuna chujio la vyuma, maji yanapita pale kwenda kwenye mtambo. Majani na matawi ya miti ya miwati yalikuwa yanaziba lile chujio, na kila likiziba ilibidi bwawa zima litolewe maji. Misheni inakaa gizani, zahanati inakaa gizani, masista wanakanda mkate kwa mshumaa. Kupiga mbizi haikuwezekana. Maji ya kule mnayajua wenyewe! Aliyejaribu alitolewa akiwa hawezi kutamka jina lake.

Bruda aliyesimamia mtambo akatangaza kwamba atakayepata njia ya kusafisha chujio bila kukausha bwawa ataajiriwa moja kwa moja, na nyumba ya kuishi atapewa. Nyumba ya matofali ya kuchoma!

Otmari akanifuata Makambako kwa lori la viazi. Hakunitania. Alikaa, akanywa chai yote, akasema, "Mtani, mimi nitaingia ndani ya pipa."

Basi akatengeneza. Alipata kipande cha boila la zamani lililotupwa kama chuma chakavu kwenye kiwanda kimoja cha chai, akaliziba mbele na nyuma, akaweka mlango wa kukaza kutoka ndani. Chini akaning'iniza madramu ya breki za lori yawe mzigo wa kumzamisha. Akitaka kupanda juu anavuta mkono wa chuma, madramu yanadondoka, pipa linaelea. Mbele akachomelea fimbo ndefu yenye ndoano ya kuvutia matawi. Mtu mmoja tu anaenea, tena akiwa amepiga magoti. Na kilichonichekesha mpaka nikakaa chini kilikuwa kumwona Otmari amepiga magoti mle ndani, uso umejaa masizi, ananiambia, "Mngoni, hii haibebi wezi."

Ikabaki kazi ya macho. Lazima aone anakokwenda! Juu ya pipa aliacha tundu la duara, kichwa kiingie pale, na kichwa kifunikwe na kuba linaloangaza. Kioo cha kawaida hakifai, kingemchinja. Tajiri mmoja wa malori akamletea kutoka safari zake bamba la ile plastiki ngumu ambayo wachora mabango wanaiita perspeksi, nene kama kidole cha mtoto.

Kulikunja likawa kuba, hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alikata nusu ya bamba, akalibana kati ya ubao na duara la chuma, akaliingiza kwenye tanuri la mkate la masista mpaka likalegea, kisha akapulizia upepo kwa ile mashine ya kujazia matairi. Plastiki ikavimba taratibu, ikavimba, ikawa kuba safi kabisa! Aliliacha lipoe mlemle humo ndani kwa siku nzima, bila haraka. Wiki nzima mkate wa misheni ulinuka bango. Sista mpishi hakumsemesha mpaka Pasaka.

Akaniita nilifunge, maana vioo ni kazi yangu. Akanipa sharti moja tu.

"Ukilisafisha, maji na sabuni. Petroli hapana, mtani. Aliyeniletea kaambiwa huko alikonunua, petroli inalila."

"Sawa, sawa," nikamwambia, kama unavyomwambia mtoto anayekufundisha kula.

Jumamosi nikalifunga. Nakuapia nililifunga vizuri! Matundu ya bolti niliyatoboa mapana kuliko bolti zenyewe, chini nikaweka mpira wa tyubu, nikakaza moja huku, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka zote zikalingana. Otmari akapitisha kidole kuzunguka ukingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Leo Mngoni kaja kujenga." Nilivimba kichwa mimi kuliko lile kuba.

Jumapili ilikuwa siku ya kushuka. Otmari na familia wakaenda misani. Mimi pia ni Mkatoliki, lakini nilisingizia kwamba nalinda mashine. Ukweli nilitaka kubaki na kazi yangu, niitazame. Matajiri wangu wa Makambako walikuwa wamealikwa, na nilitaka wakifika wapigwe na butwaa.

Nikaosha kwa maji na sabuni. Likabaki na michirizi. Nikaosha tena, michirizi. Na palepale kwenye ukingo kulikuwa na alama ya kidole gumba chenye grisi, inanitazama. Nikasema moyoni, mimi ndiye fundi wa vioo, yeye ni mchomeleaji. Atanifundisha nini kuhusu kioo?

Pikipiki ya Bruda ilikuwa pale. Nikafyonza petroli kidogo, nikachovya kitambaa, nikafuta kuba zima, ndani na nje.

Liling'aa jamani! Wingu lililokuwa juu ya misheni ulikuwa unaliona humo ndani. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipongeza kwa sauti, peke yangu kama chizi.

Niliporudi karibu nikaona unywele umenasa kwenye ukingo, karibu na bolti. Nikataka kuutoa kwa ukucha. Haukutoka. Nikaona mwingine kwenye bolti ya pili. Kisha wa tatu. Hazikuwa nywele. Zilikuwa nyufa nyembamba, ndani ya plastiki yenyewe, na zilikuwa zinaongezeka huku natazama!

Na nilijua palepale nimefanya nini. Asiniambie mtu kwamba sikujua.

Kengele ya mwisho wa misa ikalia. Ndugu msomaji, nilikuwa na muda wa kutosha. Ningesimama tu mlangoni mwa kanisa na kusema, "Otmari, usishuke, nimeharibu." Maneno matatu tu. Badala yake nikachukua grisi, nikaipaka kwenye ukingo wote kama vile ni utaratibu wa kazi, nyufa zikafichika.

Watu wakaja. Kwaya nzima, masista, Bruda na buti zake, matajiri wangu na makoti yao ya mitumba, na Mama Yustina kambeba mtoto mdogo mgongoni. Otmari alivaa sweta mbili na kofia ya sufu. Kamba nene ilifungwa kwenye pipa, wanaume sita wameishika, mimi wa mbele. Makubaliano yalikuwa kwamba akigonga mara moja, yuko salama, akigonga mfululizo, tumvute.

Alipokuwa anataka kuingia nikashindwa kuvumilia. Hapo ndipo nilipofanya dhambi kubwa kuliko ya petroli.

Nilisema. Ndiyo, nilisema! Lakini nilisema kwa ile sauti yetu, sauti ya utani, kwa kelele, na meno nje. "Wewe Mbena, kuba lina nyufa hilo! Nimelifuta kwa petroli makusudi, leo nakuzamisha, ng'ombe watabaki wetu!"

Watu wakaangua kicheko. Bruda naye akacheka. Otmari akanipungia mkono, akasema, "Nikifa, we Mngoni ndiye utakayechimba kaburi, na udongo wa Njombe mgumu!" Akaingia, akakaza mlango.

Nami nikacheka pamoja nao. Nilijua atacheka. Nilichagua ile sauti kwa sababu nilijua hataniamini. Nilitaka moyo wangu useme, "umemwambia," na kwaya isijue kitu. Mwanaume mzima!

Pipa likashuka. Maji yakafunika kuba, tukaona mwanga wa taa ya pikipiki aliyoifunga ndani unazidi kuwa mdogo. Akagonga mara moja. Watu wakapiga vigelegele. Kamba ikaenda tena, akagonga mara moja tena. Yule bwana alikuwa anafika kwenye chujio! Baadaye alinieleza kwamba aliliona kabisa, vyuma na matawi yake, na alikuwa ameshakamata tawi la kwanza kwa ndoano.

Halafu pakasikika mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama sahani iliyokanyagwa. Kisha kugonga, kugonga, kugonga bila mpangilio.

Tulivuta! Sijui nilivuta vipi, viganja vyangu vilichunika na sikuhisi. Mama Yustina alikuwa anapiga kelele jina la mumewe. Madramu yakadondoka, Mungu asifiwe, alikuwa ameuwahi ule mkono wa chuma, na pipa likaibuka limejaa maji mpaka shingoni mwake. Kipande cha kuba kimetoka upande mmoja, na yeye kaweka sweta moja pale, ameikandamiza kwa mikono miwili. Tulipomtoa alikuwa mweupe kama unga, nyusi imechanika, meno yanagongana. Alinitazama akataka kusema kitu. Meno hayakumruhusu.

Alilazwa zahanati na homa ya mapafu. Siku ya nne nikaenda, nimenunua machungwa, nimejiapiza njia nzima kwamba leo nasema. Nikakaa kwenye kiti. Kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mtani, nilipuliza sana. Pale juu pakawa pembamba. Mikono yangu ilikosea."

Nikamjibu, "Au ni baridi tu, Otmari. Baridi ya huku inapasua hata mawe."

"Hapana," akasema. "Ni mikono yangu."

Nikammenyea chungwa. Hilo tu ndilo nililofanya.

Bruda alikuwa mtu mwema, lakini aliogopa. Alisema misheni haitazika mtu kwa ajili ya majani. Bwawa likaendelea kukaushwa, ile nyumba ya matofali akapewa fundi mwingine, na pipa likauzwa kwa mfuga nguruwe akalifanya tangi la maji. Otmari hakulalamika. Aliacha tu kazi ngumu. Alikuwa anachomelea majiko ya mkaa, vifuniko na vitanda vya watoto, vitu ambavyo vikivunjika haviui mtu. Mama Yustina alikwenda Lupembe kuchuma majani ya chai ya watu ili watoto wale.

Na utani wetu uliendelea! Ndiyo ubaya wake. Kila tukionana, "Mngoni, ng'ombe," "Mbena, baridi," tunacheka, nami moyoni najichukia. Miaka ikapita hivyo. Watoto wakakua, mimi nikajenga, yeye akaendelea kupanga.

Mwaka huu parokia ilitaka mnara mdogo wa chuma wa kuning'iniza kengele. Wakamfuata Otmari, maana anayejua kuchomelea kama yeye hayupo. Akakataa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Aliwaambia, "Tafuteni mtu mwingine. Mimi mikono yangu ilishataka kuua mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Kengele itakuja kuwaangukia watoto wa komunyo."

Walicheka. Yeye hakucheka. Nikaona hapa sasa nitaungua nikiwa hai.

Walipoondoka nikamwambia. Mchana kweupe, kwenye benchi la nje ya nyumba yake, na kikombe cha chai mkononi. Nilimweleza kitambaa, pikipiki ya Bruda, nyufa, grisi, yote. Akaanza kucheka! "Mngoni wewe," akasema, "umezeeka bado unataka kunizamisha."

Nikasema, "Otmari, sitanii." Nikarudia yote mara ya pili, polepole, bila kuonyesha jino hata moja.

Akaweka kikombe chini. Akatazama viganja vyake. Nilikuwa tayari anipige, na ningemshukuru.

"Unene ulikuwa sawa?" akaniuliza.

"Ulikuwa sawa."

"Pale juu? Hapakuwa pembamba?"

"Palikuwa sawa, Otmari. Ulilipuliza vizuri. Lilikuwa kuba zuri kuliko kioo chochote nilichowahi kushika."

Yule mzee akalia. Alilia kwa sauti, mpaka Mama Yustina akatoka ndani na mwiko mkononi. Alipofuta machozi akasema neno ambalo ndilo linaloniamsha hadi leo. "Nusu ya bamba ilikuwa imebaki. Ilikuwa chini ya kitanda changu. Ungeniambia pale zahanati, ningetoka na kupuliza lingine wiki ileile."

Mama Yustina akachukua kikombe changu, kikiwa bado na chai, akaingia nacho ndani.

Mnara wa kengele umesimama sasa, Otmari ndiye aliyeuchomelea. Nilikwenda kuuona. Kazi safi, huwezi kuona palipounganishwa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufuta macho mbele za watu.

Basi wewe unayesoma, kama umeharibu kitu cha mwenzako, mwambie leo, na umwambie kwa uso mkavu. Usiifiche kweli ndani ya mzaha halafu ujidai umesema. Mimi nilijidai hivyo, mwenzangu akaishi nusu ya umri wake anaiogopa mikono yake mwenyewe, wakati mikono yenye kosa ilikuwa yangu.

Unaniuliza kama alinisamehe? Alisema amenisamehe, na ni mtu asiyesema uongo. Lakini wiki iliyopita nilimkuta sokoni Njombe, nikapaza sauti mbele za watu, "Wewe Mbena, bado hujatoka kwenye baridi?" Akasimama. Akavua kofia. Akanipa mkono, akanisalimu Kibena kwa adabu zote, kama watu wazima, "Kamwene, bwana fundi. Habari za nyumbani?" Akaniulizia mke wangu na watoto, mmoja mmoja, akaniaga, akaenda zake.